Frigo ya Petroli ya Mama Adolphine

Adolphine aliuza samaki sokoni Baraka, mji wa kando ya ziwa, tangu usichana wake, na jambo moja lilimkera kuliko yote. Asubuhi alinunua samaki wa mikebuka waliong'aa kama sahani mpya, lakini jua likipanda walianza kulegea macho, na kufika alasiri wateja walipita wameziba pua. Wenzake walimwambia ndivyo biashara ya samaki ilivyo: usipouza, kausha. Yeye hakukubali. Siku alipomsikia Zuberi, mwenye mtumbwi wa mashini aliyekuwa akivuka ziwa hadi Kigoma, akisimulia habari za kabati la chuma linalogandisha maji bila umeme, kwa kuwashiwa taa ya petroli tu chini yake, aliacha kupepea nzi akamsogelea.

"Taa inafanya baridi?"

"Inafanya. Mi nilikunywa maji yake, jino likaniuma mupaka magaribi."

"Utaniletea."

Zuberi alicheka, lakini Adolphine hakucheka. Alidunduliza kidogo kidogo, akaacha kununua vitambaa vya sikukuu, na mwaka mmoja kabla vita havijafika Baraka mara ya kwanza, hiyo frigo ya petroli ikashushwa ufukweni, nyeupe, nzito kama ng'ombe. Wanaume waliibeba kwa miti miwili hadi nyumbani, na majirani wa kartie nzima wakafuata nyuma.

Mumewe, Bonaventure, alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na yenye chumvi. Alikizunguka kile chombo, akainama kuangalia tangi na utambi, akasimama. "Nyumba haina hata mulango wa nyuma," alisema, "na we unaleta chumba cha baridi."

Kila mtu alikuwa na neno lake. Wazee walisema maji ya baridi yanavunja kifua. Wengine walisema moto unaozaa barafu si jambo la Mungu, mpaka mchungaji alipopita, akanywa kikombe kimoja, akanywa cha pili, kisha akaomba wamjazie na cha tatu ili apate kufikiri vizuri. Lakini maneno makali zaidi yalitoka kwa wifi yake, Marthe, dada ya Bonaventure, aliyekuwa akikaa nao tangu mumewe alipofariki.

"Mwanamuke mwenye frigo anakulisha mboga ya sombe ya jana," alisema barazani mbele ya wageni. "Atapika mara moja, atalala juma muzima. Kaka yangu atakufa akila baridi."

"Marthe," Adolphine akamjibu, "sombe ya jana ukiipasha njo inakuwa tamu. We mwenyewe unajua. Na mi nikipata saa moja ya kukaa chini magaribi, nani anaumia?"

Watu walicheka, Marthe akanuna. Hata hivyo samaki wa Adolphine hawakuharibika tena. Wagonjwa walitumiwa barafu ya kuwekwa kwenye paji la uso. Bonaventure naye, rafiki zake walipomtania kwamba mkewe anampikia kwa juma, alijibu tu kwamba anaona mwili wake haujapungua.

Kisha vita vikaja, vikaenda, vikarudi. Katika Baraka mtu alijifunza kulala na viatu miguuni na kutambua kwa mlio risasi ya mbali na ya karibu. Mara ya mwisho, ile iliyokuwa ndefu kuliko zote, walipata muda mfupi tu wa kukusanya vitu kabla ya kupanda milima kuelekea Fizi. Bonaventure alifunga msumeno na randa yake ndani ya gunia. Marthe alijitwika unga. Adolphine, mwanawe Divine mgongoni, alipiga magoti nyuma ya frigo, akachomoa ile taa ya chini pamoja na tangi lake, akaifunga ndani ya kitenge katikati ya sufuria.

Marthe alishika kichwa. "Bengine banabeba unga, we unabeba taa bila kioo?"

"Bila hii taa, ile frigo ni sanduku tu. Mwizi atafanya nayo nini?"

"Na sisi tutakula taa?"

"Tutakula huo unga wako," alisema Adolphine. "Tembea."

Waliishi milimani kwa ndugu wa Bonaventure, wakilima muhogo wa watu na kuhama kila habari mbaya ilipokaribia. Adolphine alihama na furushi lake kila mara. Alipoulizwa kuna nini mle, alijibu: "Nyumba yangu."

Waliporudi Baraka walikuta kuta zimesimama na bati zimekwenda. Vitanda havipo, milango haipo, hata kinu cha kutwangia sombe hakipo. Nyuma ya nyumba, ndani ya majani marefu, frigo ilikuwa imelala ubavu. Walioiba waliiburuta hadi pale, wakaona haina moto wake, wakaitupa. Kuku wa jirani alikuwa ametaga ndani yake na hakutaka kutoka. Ilibidi Adolphine amwondoe kwa heshima, yai baada ya yai, huku kuku akimdonoa mikono, naye akicheka mpaka machozi. Katika nyumba ile iliyokosa hata kiti, kicheko hicho kilimfanya Bonaventure aache kuhesabu vilivyoibwa.

Waliisugua kwa majivu na ndimu. Taa ikarudi mahali pake, ikawashwa, mwali ukatulia ukawa wa buluu. Wakangoja. Mabomba ya nyuma yakapata moto, lakini ndani kukabaki vuguvugu kama mdomo wa mtu.

Hapo ndipo Bonaventure alipobadilika. Kazi ya seremala ilimzoeza kwamba kitu kikikataa, kina sababu. Alitengeneza kibao imara cha kuiwekea, akaweka sahani ya maji juu yake kuona kama imekaa sawa, akasogeza kabari mpaka maji yakalala. Bado joto. Akaiwekea sikio, kama munganga wa hospitali anayesikiliza kifua.

"Imekufa," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

Zuberi ndiye aliyeleta tumaini, aliporudi na mtumbwi wake. "Kule Kigoma zikilala sana, damu yake inaganda mu mabomba. Banaigeuza kichwa chini, miguu juu, inalala vile, kisha banaisimamisha tena."

"Kama mulevi," alisema Marthe.

"Njo vile. Kama mulevi."

Waliigeuza, ikalala hivyo hadi kesho yake, wakaisimamisha, wakaiwasha. Adolphine hakutoka karibu nayo. Jua lilipokuwa likielekea nyuma ya milima alifungua mlango, akatia mkono, akautoa haraka kana kwamba ameumwa na nyuki.

"Baridi!" alipiga kelele. "Bona! Iko baridi!"

Bonaventure alikuja mbio, randa mkononi, akagusa ukuta wa ndani kwa kidole. Ukungu mweupe ulishaanza kushika juu. Alimshika mkewe kiunoni akamzungusha uani mbele ya majirani, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku ya harusi.

Adolphine akarudi sokoni na samaki wake. Lakini kabla msimu haujaisha, surua ikaingia. Ilianzia vijiji vya kandokando ya ziwa. Katika kijiji cha Swima watu walikuwa tayari wanazika watoto, na kila mama wa Baraka aliyesikia mwanawe akikohoa alimvua nguo kutafuta vipele. Munganga Déogratias, kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alifika kwa mtumbwi kutoka Uvira na masanduku ya chanjo. Safari iliyopaswa kuwa fupi ilikuwa imekawia, kwa kuwa ziwa nalo lilikuwa na wenyewe wenye bunduki, waliosimamisha kila mtumbwi. Barafu ndani ya masanduku ilikuwa imebaki vipande vidogo vinavyoelea. Frigo ya kituo cha afya ilikuwa imeporwa zamani. Alimwuliza mtu wa kwanza aliyemwona ufukweni atapata wapi frigo nyingine, na mtu yule akamwelekeza bila kufikiri.

"Mama," alisema akiingia uani, akihema, "banasema uko na frigo ya petroli. Njo kweli?"

"Njo kweli."

"Inashika baridi?"

"Tia mukono."

Alitia mkono, akaguna. Kisha akaona samaki waliojaa hadi juu, mali yote ya Adolphine.

Adolphine hakumngoja aombe. "Marthe! Leta beseni. Leta yote." Walitoa samaki wote, wakawagawa nyumba kwa nyumba kabla hawajaharibika. Wakaosha frigo kwa sabuni na maji ya moto mpaka harufu ikatoka. Vichupa vikapangwa ndani, na juu, mahali pa barafu, zikawekwa chupa za plastiki za maji, zigande kwa ajili ya safari za vijijini. Déogratias alining'iniza kipimajoto chake, akakitazama, akakitazama tena, kisha akavua miwani akajifuta uso.

"Tumepona," alisema.

Alasiri ile ile walikuja watu wengine. Komanda mmoja wa wale waliokuwa wakishika mji aliingia uani na askari wake, akaikuta familia ikichambua maharagwe.

"Mama, hiyo frigo tunaibeba. Bakubwa banapita kesho, banataka bia ya baridi."

Bonaventure, aliyekuwa akipigilia misumari kando yao, aliweka chini nyundo yake polepole. Adolphine alikuwa na hofu, lakini alisimama akajipangusa mikono.

"Komanda, kuja uone kwanza."

Alifungua mlango kidogo, kwa muda mfupi, akaufunga. "Umeona? Ni dawa ya surua ya batoto ba Baraka bote. Na ya batoto ba hawa basoda bako pia. Ukiibeba kwa njia hii ya mawe, dawa inakufa. Bibi yako, ule anakaa karibu na soko, nilimuona jana na mutoto mu mugongo. Kesho atakuya hapa kupanga foleni. Nitamuambia nini?"

Komanda alikunja uso. Nyuma yake kulisikika kishindo kidogo. Marthe alikuwa ameketi chini, mgongo umeegemea mlango wa frigo, miguu ameinyoosha mbele kama mtu aliyekuja kukaa matanga. Mama wa nyumba ya pili aliingia, akaketi kando yake. Akaja wa tatu na mtoto wake akinyonya. Habari ilikuwa imeruka ukuta, na wanawake wakaendelea kuingia mmoja mmoja, bila kelele, wakikaa mpaka ua ukajaa na askari wakakosa pa kuweka mguu.

Komanda aliwatazama, akamtazama Adolphine.

"Foleni inaanza saa gani?" aliuliza.

"Jua likitoka."

Aligeuka akaondoka, na askari wake wakamfuata wakiruka miguu ya wanawake. Walipopita kona ndipo kigelegele kilipopasuka, kikapokelewa nyumba hadi nyumba mpaka ufukweni. Marthe alisimama akijipangusa vumbi. "Wifi," alisema, "nilikuwa ninaogopa sana sana."

"Na mi pia," alisema Adolphine, wakakumbatiana, wakicheka pamoja.

Kesho yake foleni ilitoka uani mwa Adolphine, ikashika barabara, ikapinda msikitini, ikarudi. Walikuja Wakatoliki na Waprotestanti, walikuja mama wa Kiislamu wa ufukweni, walikuja wakimbizi waliofika juzi tu kutoka njia ya Lulimba. Mke wa komanda alikuwamo, akisogea kama wengine. Watoto walilia kwa zamu, wakapokezana kilio toka mbele hadi nyuma. Déogratias na wenzake walichoma sindano mpaka mikono ikafa ganzi. Bonaventure alijifanya mlinzi wa mwali. Alikata utambi, aliongeza petroli, na kila mwanaume aliyesogea alielezwa kwa kirefu namna moto unavyozaa baridi. "Frigo yetu," alikuwa akisema, "haitaki kuinama hata kidogo. Iko na kiburi kama bibi yangu."

Timu nyingine ilipeleka chanjo Swima kwa mtumbwi wa Zuberi, na safari hiyo hakuna aliyewazuia. Siku chache baadaye ikawa zamu ya Fizi, huko juu milimani. Masanduku yalifungwa kwenye baiskeli, yamejazwa chupa zilizoganda ngumu kama mawe, na wanawake wa kartie wakawasindikiza wakiimba hadi mto Mutambala. Adolphine alisimama pale mtoni mpaka baiskeli ya mwisho ilipopotea kwenye mwinuko. Njia ilikuwa mbaya, jua lilikuwa kali, na moyoni alibaki na swali moja tu ambalo hakumwambia mtu: barafu itafika?

Surua ilikoma Baraka. Kina mama waliacha kuvua watoto nguo kila asubuhi. Adolphine alikuwa amerudi sokoni, beseni lake likiwa na samaki wachache wa kuanzia tena, Déogratias aliposhuka kutoka Fizi, vumbi hadi kwenye nyusi, akasukuma baiskeli yake moja kwa moja hadi mezani pake.

"Mama Divine," alisema, "tulichanja batoto bote tuliobakuta. Bote. Na tulipofungua sanduku la mwisho, barafu ilikuwa ingali ndani."

"Ngumu?"

"Ngumu. Ilipiga kelele mu chupa."

Adolphine alirusha kitenge chake juu, akapiga yowe ambalo wachuuzi wa nguo upande wa pili walidhani ni hatari. Kisha wakamwona akicheza katikati ya soko, peke yake kwanza, halafu na Marthe, halafu na kila mwanamke aliyekuwa na miguu, mpaka hakuna aliyeuza chochote asubuhi ile.