Kuzima Injini Mteremkoni

Rafiki yangu ni Mhindi wa Kisumu mwenye duka la vitambaa huku ughaibuni, Tooting. Uzeeni alijinunulia gari la Kimarekani la miaka ya sitini, jekundu, milango miwili, usukani kushoto. Ndiye aliyenieleza jinsi magari hayo yalivyozaliwa: walichukua gari la kawaida la familia, wakalitia injini ya gari kubwa, silinda nane, lita saba, wakaliuza kwa bei ambayo kijana mwenye kazi aliimudu. Nilivutiwa na akili hiyo. Kabureta yake, kile kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa, ilinivutia zaidi. Ina matundu manne: mawili hufanya kazi ya kila siku, mawili hulala mpaka ukanyage mafuta kwa nguvu. Hapo mngurumo hubadilika, nawe unabanwa kitini.

Bima ghali, sheria za moshi na uhaba wa mafuta viliyamaliza magari hayo miaka ya sabini. Mke wa rafiki yangu husema lao bado halijapata habari.

Mjukuu wao alikuwa anaolewa. Babu alitaka kukaa nyuma na bibi harusi hadi hekaluni, akimshika mkono, mimi niendeshe. Jumapili iliyotangulia tukaenda kujaribu, kwenye mteremko mkali karibu na Croydon.

"Taratibu, mzee. Hili si lori lako la Mombasa."

"Lori langu lilikuwa na adabu kuliko hili."

Tukacheka. Madereva wa malori wa enzi yetu tulizoea kuzima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta. Basi mkono wangu, bila kuniuliza, ukatoa gia na kuzima.

Breki za gari lile husaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini; ukiizima, msaada unaobaki ni wa kukanyaga mara moja au mbili tu. Nilipokanyaga mara ya kwanza zilishika. Mara ya tatu pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, na usukani mzito. Mbele yetu basi lilikuwa limesimama kwenye taa.

"Umefanya nini?"

"Nimezima."

"Washa, bwana. Washa."

Niliwasha, breki zikarudi, tukasimama karibu na basi kiasi cha kuhesabu skrubu za namba yake. Nilishuka, nikampa rafiki yangu ufunguo kabla hajauomba.

Siku ya harusi nililiona likipita, linang'aa, zuri kuliko gari lolote nililowahi kuendesha. Babu alikuwa kwenye usukani. Binti alikaa nyuma peke yake.