Mwezi Aliouona Mama Kabambare

Mpaka leo nikisikia watu wanabishana kama mwezi umeandama au haujaandama, naondoka nawaacha. Wajukuu wananicheka: "Bibi amekasirika tena!" Wacheke tu. Hao hawakumwona mama yangu.

Mimi ni mtoto wa Kasongo, mitaa ya Waislamu, nyumba ya baba aliyekuwa akiuza chumvi na vitambaa mchana na kusomesha watoto Kurani jioni. Dada yangu mkubwa, kifungua mimba wa mama, simkumbuki. Kabla sijapata akili alitolewa akapewa shangazi yetu, dada yake baba, ambaye hakujaliwa kuzaa. Hilo kwetu halikuwa la ajabu, mtoto ni wa ukoo mzima. Lililouma ni umbali. Shangazi aliolewa na mtu wa Ujiji, na huyo mume akahamia Ukerewe, kisiwa kilicho ndani ya ziwa la Nyanza, huko kwa Waingereza. Dada alipoondoka meno ya mbele yalikuwa ndiyo yanang'oka. Mama hakumwona tena. Hakumlalamikia mtu, ila kila akipakua chakula alisema, "Na mwenzenu huko, sijui anakula nini," na baba akajifanya hasikii.

Habari ilipofika kwamba dada anaolewa, mama alipiga kigelegele peke yake uani mpaka majirani wakaja mbio. Nyumbani kwetu kuna jambo moja ambalo hakuna wa kumsaidia mama. Mwali kabla hajatoka kwenda kwa mume, mama mzazi humlisha wali kwa mkono wake, wali wa mpunga alioulima mwenyewe. Shangazi akulee, akuvishe, akuoze, lakini tonge lile ni la mama. Basi akatwanga mpunga wa shamba lake, akapepeta, akachagua chenga zote, akaufunga mchele katika kitambaa cheupe. Ole wako uuguse.

Harusi iliwekwa Ijumaa ya tatu ya mwezi wa Rajabu. Baba alihangaika kwa wazungu wa teritware, ofisi ya serikali, mpaka wakampa karatasi ya njia, ya kwenda Tanganyika na kurudi kwa siku walizotaka wao. Tukapanda kamyo, lori la pamba, baba, mama na mimi, na kila kwenye matope tukateremka kusukuma. Mama alisukuma kwa bega moja, bega la pili limebeba mchele. Tulifika Kabambare Alhamisi mchana, tukafikia kwa baba mkubwa, kaka yake baba, na wale ndugu wawili walivyokumbatiana, jamani, ungedhani wamefufuliwa.

Sasa hesabu yenyewe ni hii, isikilize vizuri maana ndiyo iliyotuua. Jioni ile ilikuwa ya kuangalia mwezi. Ukionekana, kesho yake Ijumaa ndiyo mosi Rajabu, na Ijumaa ile inahesabiwa. Usipoonekana, Rajabu inaanza Jumamosi, Ijumaa ile inapotea, na harusi inasogea mbele wiki nzima. Na kamyo ya kwenda Baraka, kule tunakopanda mashua kuvuka ziwa Tanganyika, ilikuwa inaondoka kesho asubuhi. Nyingine ni baada ya wiki.

Mvua ilikuwa imenyesha, mbingu imefunga. Baba, baba mkubwa na wanaume wa jirani walisimama barazani wakaangalia, wakakohoa, wakaingia ndani. Mimi nilikuwa jikoni napuliza moto. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anaanua mkeka. Nilimsikia anaita, sauti imepanda.

"Baba batoto! Kuja! Mwezi iko huku!"

Walipozunguka nyumba, wingu lilikuwa limeshafunika.

"Iko wapi?"

"Ilikuwa pale, juu ya ule muti. Nyembamba hivi. Nimeiona na macho yangu."

"Nani mwingine ameiona?"

"Miye."

Baba akacheka, si kwa ubaya. "Mama batoto, weye unataka harusi, ndiyo sababu unaona mwezi. Shahidi mumoja si shahidi. Tutatimiza siku thelathini."

"Hata kama haiko, tuende. Tukifika mbele ya siku yenyewe, kuna ubaya gani?"

"Tukale chakula cha watu wiki nzima mbele ya harusi, kama wenye njaa? Tena ndugu yangu sijashiba kumuona."

Baba mkubwa akaunga mkono, na neno likaisha. Asubuhi niliisikia ile kamyo ikiunguruma kupanda kilima. Mama alikuwa ameshika ufagio, akausimamisha, akasikiliza mpaka sauti ikapotea, halafu akaendelea kufagia pale pale alipokwisha kufagia.

Baada ya wiki tukaondoka. Baraka, mashua, Kigoma. Ujiji tulilala kwa jamaa wa shangazi wa mbali, na baba akaenda kuswali.  Aliporudi nilimwona anaacha chakula, nikadhani ni ule mchafuko wa ziwa bado umo tumboni. Kumbe watu wa msikitini walimwambia Rajabu ni ngapi. Kule mwezi ulionekana Alhamisi ile ile, na watu wengi. Hakumwambia mama kwamba harusi hatutaiwahi. Kwenye gari la moshi mama alijipaka hina, akanipaka na mimi, akazungumza na kila mwanamke aliyekaa karibu: "Naenda kuoza binti yangu." Wakampongeza. Baba alikuwa ameegemea dirisha. Eh, baba! Nimekusamehe mengi, lakini gari lile la moshi bado linanikaa kooni.

Toka Mwanza tulipanda boti ndogo. Kisiwa ni kizuri, nisikitukane: mawe makubwa yamepandana, miembe, wanawake wanaosha sufuria ziwani. Mama alivaa kanga mpya kabla boti haijafunga kamba. Tulifika kwa shangazi Jumatano, kwa hesabu yetu siku mbili kabla ya harusi, na mama akaanza kigelegele tangu njiani. Hakuna aliyemwitikia. Uani kulikuwa na banda la wageni, majani ya migomba yote yamekauka, na kijakazi mmoja anayavunja kuwasha moto.

Kigelegele cha mama kikakatika.

Shangazi alitoka akaweka mikono kichwani. "Mulikuwa wapi? Tumeoza Ijumaa. Wameshapanda meli, wamekwenda Kisumu kwa kazi ya mume." Kisumu ni serikali nyingine tena, na karatasi yetu ilikuwa ya Tanganyika tu, na siku zake zilikuwa zinaishia mikononi mwetu. Hapo baba akakaa chini, kwenye vumbi, mtu mzima na kanzu yake.

Mama aliuliza jambo moja. "Nani alimulisha?"

"Hakula," shangazi akasema. "Alikaa chumbani, anasema hatoki mpaka mama afike. Mpaka jua likazama. Mume akachoka, wazee wakachoka. Mwisho akainuka mwenyewe, akasema, 'Basi, mama amenitoa mara ya pili.'"

Nilitamani shangazi auume ulimi wake. Maneno mengine ya nini kuyafikisha?

Mama aliomba aoneshwe chumba. Mkeka wa mwali ulikuwa bado chini, na ukutani, kwenye chokaa nyeupe, kulikuwa na alama ya kiganja cha hina, pale dada alipojishikiza wakati wa kuinuka. Mama akaweka kiganja chake juu ya kile. Kiganja cha dada kilikuwa kikubwa zaidi, vidole vimepita vya mama. Akautoa mkono, akautazama, akaurudisha tena.

"Huu ni mukono ya nani?" akaniuliza. "Mukubwa hivi?" Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, kama msibani, na shangazi akaja akalia naye.

Ule mchele tuliupika Kigoma, wakati wa kurudi, tukisubiri mashua. Ulikuwa mchele mzuri, mweupe, unanukia Kasongo. Nilikuwa na njaa nikala sana, na mama akaniongeza.

Hawakuonana tena. Dada alizaa huko, akapeleka salamu kwa wasafiri, mama naye akapeleka za kueleza, lakini salamu zinazopita midomo ya watu wengi sijui zinafika na nini. Baadaye uhuru ukaja na vita vyake, njia zikafungwa, na mama akafa njia zimefungwa.

Lakini baba alijua alichofanya. Tangu tuliporudi, kila mwisho wa mwezi, wanaume wa mtaa wakisimama kuangalia mbingu, alikuwa anawaacha na kuja mpaka mlango wa jiko, anatoa kofia, anaongea polepole kama anayeomba.

"Mama batoto, toka basi utuangalilie. Weye una macho."

Mama hakuinua kichwa hata siku moja. Aligeuza sufuria, akasema, "Miye ni shahidi mumoja tu."