Meza Zisizofika Mtaa wa Carnaúba

Shangazi yangu Ubaldina ana bega moja nene na jingine jembamba. Wageni hudhani ni ugonjwa. Ni cherehani. Tangu akiwa msichana mpaka nywele zimekuwa nyeupe, ameshona kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono wa kulia huku akisukuma kitambaa kwa wa kushoto, kwa sababu cherehani yake haikuwa na miguu. Ilikuwa kichwa tu, kizuri, cheusi, chenye maua ya rangi ya dhahabu, kimekaa juu ya kasha la mbao. Meza yake na kanyagio viliahidiwa mwaka 1958, na katika mji wetu mdogo wa Lagoa da Ema ahadi ni deni ikitolewa na maskini tu.

Mambo yalikuwa hivi. Kanali Honorato, mwenye ardhi yote unayoiona ukipanda juu ya mnara wa kanisa, alitaka mwanawe, Daktari Heráclio, aingie bunge la jimbo. Hakuwa kanali wa jeshi lolote. Alikuwa kanali wa ng'ombe na wa watu. Mtaa wetu wa Carnaúba ulijaa wanawake washonaji. Basi kabla ya uchaguzi nyapara wake, Bwana Libório, au Seu Libório kama tulivyomwita, akapita na lori akigawa vichwa vya cherehani, kila nyumba kimoja.

"Kichwa leo," aliwaambia, "miguu baada ya kuhesabu. Sanduku la mtaa huu nalitaka lote liwe la Daktari. Ikipotea kura moja tu, meza zote zinabaki ghalani. Msije mkanililia."

Siku zile karatasi za kura zilichapishwa na wagombea wenyewe. Libório alimpa kila mwanamke ya kwake ikiwa imekwisha kukunjwa, kama mtu anayempa mtoto dawa, akawasindikiza hadi mlangoni pa kibanda cha kura.

Daktari alishinda. Lakini sanduku la mtaa wetu lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na kura moja ya mpinzani wake. Libório akafunga ghala na ufunguo akautia mfukoni.

Mtaa ukaanza kumsaka mwenye kura, na haukumsaka mbali. Foleni nzima ilikuwa imemwona Ubaldina akikawia ndani ya kibanda cha kura. Alipoulizwa alisema ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa wa kuaibisha: kamba ya gagulo ilimkatikia mle ndani, akawa anaifunga.

Quitéria, jirani yake wa ukuta kwa ukuta na shoga yake tangu utotoni, aliangua kicheko pale kisimani mbele ya kila mtu.

"Mshonaji mzima, kamba ya gagulo inamkatikia! Jamani, Dina, si ungetafuta uongo uliovaa nguo?"

"Quitéria, wewe unanijua."

"Ndiyo maana nasema. Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Watu wakacheka, na kesi ikaishia hapo. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwomba shangazi amsimamie mtoto ubatizo. Kazi zake zilitoka mitaa mingine. Wenzake waliuza vichwa vyao kimoja kimoja kwa wachuuzi wa Picos, na kila aliyeuza alipita mlangoni kwa Ubaldina amekibeba, ili aonekane.

Mimi nililelewa na shangazi huyu, na tabia yake nyingine imenishinda kuielewa. Alipofika umri wa makamo alikuwa na pesa ya kununua meza ya cherehani, tena mpya. Nilimwambia anunue.

"Nikinunua watasema nini?" alinijibu bila kuacha kuzungusha. "Si watasema ndiyo malipo ya wapinzani, nilikuwa nimeyaficha tu? Acha nizungushe. Wakilisikia hili gurudumu, wajue sikulipwa na mtu."

"Shangazi, huo ni ujinga."

"Ni wangu. Nipe mkasi."

Nilikasirika, na nikikumbuka bado nakasirika. Mtu anajiumiza bega ili kuwathibitishia majirani wasiomsalimia!

Miaka ikapita, na siasa za jimbo letu zikapita mikononi mwa shangazi. Askari walipochukua nchi, Daktari Heráclio akawa rafiki wa askari. Askari walipoondoka, ikaonekana kwamba Daktari alikuwa akiwapinga siku zote. Alibadili chama mara tatu. Sufuria zilibadilika, jiko lilikuwa lilelile. Na kila kampeni bendera zilihitaji mshonaji. Shangazi alishona za bluu, za kijani, za nyekundu, akapokea ujira wake, akafagia vipande. Na kila kampeni Quitéria alitoa utani wake uleule barazani: "Msimruhusu Dina aende kupiga kura, atatukosesha lami!"

Daktari alipofariki, watoto wake walikabidhi makaratasi ya familia kwa nyumba ya nyaraka ya jimbo kule Teresina. Mwaka 2008 makaratasi hayo yakaanza kutembezwa mijini, na kwetu yakawekwa katika shule ya zamani. Aliyeyaleta alikuwa binti mmoja mchangamfu, Lucineide, mwenye miwani na viatu vya kukimbilia. Mji mzima ulikwenda. Kulikuwa na maji ya mabibo ya bure, na mambo ya bure sisi hatujawahi kuyasusa.

Mle kwenye makabati ya vioo mlikuwa na vipepeo vya kujipepea vyenye sura ya Daktari, kalenda zenye sura ya Daktari, karatasi za kufungia sabuni zenye sura ya Daktari. Kisha barua, mamia. Mtu anaomba dawa, mwingine kazi ya ualimu, mwingine jeneza la mama yake. Pembeni ya kila moja Kanali ameandika kwa penseli: "Apewe." "Asubiri." Na mara nyingi zaidi: "Huyu ni wa upande gani?" Niliposoma ile ya jeneza nilitoka nje kidogo kuvuta pumzi.

Katikati ya ukumbi ilisimama meza ya cherehani kutoka ghalani kwa Kanali, chuma chake kinang'aa, kanyagio bado limefungwa karatasi ya dukani. Kando yake ilikuwepo barua ya Libório. Lucineide aliisoma kwa sauti:

"Mheshimiwa Kanali, sanduku la Mtaa wa Carnaúba limetoa kura moja ya adui. Meza nimezifungia kama ulivyoagiza. Ni nani, sijui bado. Wanawake wenyewe watamtafuta vizuri kuliko mimi."

Lucineide akavua miwani.

"Mama zangu, baba zangu, mtu mmoja wa mtaa huu alimkatalia Kanali. Peke yake! Huyo ni shujaa wa jimbo hili. Je, yupo hapa?"

Basi ungeona mikono. Akanyoosha Seu Bernardino, ambaye mwaka ule alikuwa bado analishwa uji. Akanyoosha Dona Iracy, kwa niaba ya marehemu mama yake. Akanyoosha Quitéria, taratibu, akiegemea fimbo.

"Lakini mimi nimeambiwa ni Dona Ubaldina," Lucineide alisema, akaonyesha kadi aliyokwisha kuiandaa, jina la shangazi kwa herufi kubwa. Makofi yakapigwa. Meya naye akapiga, na alikuwa mjukuu wa Libório.

Nilimnong'oneza shangazi: "Kubali. Wamekutesa bure, sasa kula matunda yake."

Akasimama.

"Mwanangu, ichane hiyo kadi," alimwambia Lucineide. "Mimi nilimpigia Daktari. Nilitaka meza."

Mtu mmoja alicheka, akakosa mwenzake.

"Na hawa walionyoosha mikono," shangazi aliendelea, "kama yupo anayesema kweli, basi amekaa miaka hamsini akinisikia nazungusha gurudumu, na akanyamaza."

Mkono wa Bernardino ukashuka, ukajifanya unakuna sikio. Wa Iracy ukafuata. Wa Quitéria ukabaki juu.

"Ni mimi, Dina," alisema. "Libório alizungushia kisima cha baba senyenge, ng'ombe wetu wakafa. Karatasi ya yule mwingine niliificha kifuani."

"Na gagulo langu, ulilitangazia nini?"

"Wote walikuwa wanakutazama wewe. Niliogopa. Halafu nikashindwa kurudi nyuma."

Nilidhani shangazi angempiga. Mimi ningempiga. Yeye alimtazama tu, na macho yake yalikuwa makavu.

"Shusha mkono, Quitéria," alisema. "Mkono unaouma ni wangu."

Akachukua mkoba wake tukatoka. Jumatatu tulikwenda Picos kununua meza ya cherehani ya mitumba, na alimpunguzisha bei muuzaji mpaka yule bwana akaanza kumwita mama kwa hasira. Sasa shangazi anashona kwa mguu. Cherehani inakwenda mbio kuliko zamani, na Quitéria, upande wa pili wa ukuta, anaisikia.