Mvumo wa Sanduku la Baba

Watu wa Bukoba wanaoikumbuka bendi ya baba yangu wana wimbo mmoja wanaousifia, ule uliorekodiwa studio ya redio. Kila wakinikuta sokoni na mtoto mgongoni wananiambia, "Pale gitaa la mzee lilikuwa linalia!" Mimi hunyamaza, kwa sababu nina mizigo mikononi na nguvu ya kubishana sina. Lakini kwenye karatasi nitasema. Katika wimbo ule amplifaya ya baba haisikiki hata kidogo. Fundi mitambo wa studio aliogopa mvumo wake, akachomeka gitaa moja kwa moja kwenye mashine zake, na amplifaya ikashinda nje juu ya gari la kukodi kama gunia la mkaa. Baba alituhadithia jambo hilo akiwa amekasirika, na siku alizokunywa rubisi kidogo alituhadithia akicheka.

Nyumbani tuliiita sanduku. Na lilikuwa sanduku kweli, la mbao, limevalishwa plastiki nyeusi iliyochubuka kwenye kona, na ndani mlikuwa na taa za kioo, zile za zamani kabla ya transista, na transfoma nzito kama jiwe. Ukiliwasha halisemi kitu. Unasubiri taa zipate moto, kisha mvumo unaanza chini kabisa, kama maji yanayokaribia kuchemka, na hapo ndipo baba aligusa uzi wa kwanza. Akipiga taratibu sauti ilitoka laini, imejaa. Akikaza mkono inaanza kukwaruza, kama mwimbaji mwenye koo zuri aliyeimba tangu asubuhi. Kwa chini kulikuwa na springi za mwangwi. Mtoto akiligonga sanduku, springi zinalia kama sinia la vijiko limeangushwa sakafuni. Mimi nilichapwa sana kwa ajili ya springi hizo.

Baba alipofariki, matanga yalipoisha, ukoo ulikaa uani kugawa. Kaka yangu ndiye mrithi, akakalishwa kwenye kiti cha baba. Alipewa nyumba, kibanja chote na migomba yake, gitaa, na sanduku. Mimi nilipewa beseni la kanda za kaseti, zile baba alizorekodiwa akipiga. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyetamka mbele ya watu wote: "Huyu ameolewa. Apewe kitu cha kubebeka." Watu wakacheka. Nilikuwa na mimba kubwa, nikajitwisha beseni langu nikaondoka. Nimesoma hadi kidato cha nne na najua haki yangu ni nini, ila siku ile aliyeijua alikuwa mimi peke yangu. Hasira ya siku ile bado ninayo. Sijaona sababu ya kuiacha.

Naishi Kahororo, chumba na sebule. Mume wangu ananunua samaki visiwani, huko Muleba, na anarudi anaporudi. Mtoto alikuwa anaota meno kaka aliponipigia simu kuhusu misa ya kumbukumbu ya baba.

"Mdogo wangu, wazee wa bendi watakuja kupiga kidogo nyumbani. Nitafutie kanda ambayo sanduku linasikika vizuri kuliko zote."

"Ya nini, na sanduku unalo?"

"Nimelitengeneza. Lakini mzee wa gitaa la ridhimu alipita kulijaribu, anasema silo. Fundi akisikia kanda ataweka sawa."

"Umelitengeneza vipi?"

"We mwanamke una maswali! Tafuta kanda."

Nikatafuta. Sikumfanyia kaka. Nilifanya kwa sababu nilitaka siku moja tu, pale uani kwetu, sauti ile itoke tena na mimi niwepo. Hilo tu. Sikuwa nimetaka kitu kingine kwa muda mrefu, maana ukiwa na mtoto mchanga unachotaka ni usingizi.

Basi nikawa nafua nepi huku redio kaseti inaimba mlangoni. Kanda za harusi za kule Kimwani nilizitoa mapema. Aliyerekodi alisimama katikati ya akina mama, zimejaa vigelegele tu, na gitaa liko mbali kama redio ya jirani. Kuna moja ya dansi lililopigwa kijijini Ngenge, baada ya mavuno, ambayo karibu niichague. Hapo redio kaseti iliwekwa juu ya kreti ya soda pembeni ya sanduku, na unasikia jinsi linavyopumua kila jenereta likilegea. Kisha mafuta ya jenereta yanaisha. Spika za uimbaji zinakata mara moja, kimya. Sanduku halikati. Linazama polepole, baba bado anapiga, sauti inazidi kuwa nzito na ndogo, mpaka unabaki uzi mtupu na watu wanazomea. Niliirudia sehemu hiyo huku sabuni inakauka mikononi.

Lakini iliyo bora ni ya nyumbani. Baba alikuwa peke yake sebuleni anafanya mazoezi, akaweka redio kaseti chini kwenye mkeka, mbele kabisa ya sanduku. Unasikia swichi. Unasikia kusubiri. Unasikia mvumo unavyopanda, kiti kinavyolia, kidole kinavyoteleza kwenye uzi, halafu sauti yenyewe inaingia na huwezi kusema imeanzia wapi. Hakuna bendi, hakuna kuimba. Kwa mtu wa kawaida ni kanda mbovu. Mimi nikiisikia najua sanduku lilikuwa kubwa kiasi gani na liligusa ukuta upi.

Niliipeleka kwa kijana mwenye studio mjini anihamishie kwenye flashi, kusudi nimtumie kaka bila kuisafirisha kanda yenyewe. Niliporudi kuichukua kijana alikuwa anatabasamu.

"Dada, ilikuwa na uchafu, nimekuondolea."

"Uchafu gani?"

"Ule mvumo. Na mikwaruzo. Sikiliza sasa."

Nikasikiliza. Lilikuwa gitaa limeoshwa, limekaushwa, halina nyumba.

"Mwanangu, umeondoa nilichokuja nacho."

"Dada, kila mtu anataka safi."

Ningemwambia arudie, lakini mtoto alikuwa amejikunja mgongoni analia, na umeme ulikuwa umeanza kucheza. Nikalipa, nikachukua flashi, na kanda nikaitia kwenye mkoba pamoja na nepi.

Siku ya misa nilifika nyumbani mtoto amechemka na mimi sijalala. Watu walikula, wakakaa uani. Kaka alichomeka flashi niliyomtumia kwenye spika kubwa za kukodi, akasimama pembeni kama mwenye harusi. Wimbo ukatoka, safi. Watu wakapiga makofi ya heshima. Mzee wa ridhimu, aliyepiga pembeni ya baba tangu kabla sijazaliwa, aliinamisha kichwa hadi mwisho.

"Ni vidole vyake," alisema. "Lakini hapa amepigia wapi, ndani ya jokofu?"

Watu wakacheka, na kaka naye akacheka, ila alikuwa ameudhika. "Haya, tulete lenyewe," akasema. Vijana wakalitoa sanduku ndani. Alikuwa amelipaka rangi, linang'aa. Mzee akachomeka gitaa, kaka akabonyeza swichi, na hapo hapo likalia. Papo hapo. Hakuna kusubiri, hakuna kupata moto. Kisauti chembamba, kikali, kama nyigu kwenye kopo.

Nilisimama na mtoto wangu. "Taa ziko wapi?"

"Taa zilishakufa."

"Sijauliza kama zilikufa. Ziko wapi?"

"Mdogo wangu, tuna wageni."

"Na ile transfoma?"

Akatazama migomba. "Alipita mnunuzi wa vyuma chakavu. Jitu zito vile, la nini? Fundi ameweka bodi mpya, haili umeme. Springi nazo zilikuwa zinapiga kelele tu."

Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia amepewa ng'ombe akauza mwili akabaki na kwato. Nilimwambia mtu wa kwanza aliyestahili kuuzwa kama chuma chakavu ni yeye. Mama mmoja alinishika mkono akisema, "Waitu, mwenzangu, mtoto anaogopa," na kweli mtoto alikuwa ananitazama mdomo wazi, amesahau hata kulia.

Nilichoka ghafla. Nikaitoa kanda kwenye mkoba, nikaomba redio kaseti, ikaletwa ile ya jikoni yenye masizi. Nikaiweka chini, uani, kama baba alivyoiweka.

Swichi. Kisha kimya. Watu wakadhani imekwama, mmoja akasema igeuze upande. Mzee wa ridhimu akainua mkono wanyamaze. Mvumo ukaanza. Sikuwatazama watu wengine, nilimtazama kaka. Alikuwa amesimama na waya mkononi, na baba alipokaza mkono na sauti ikaanza kukwaruza, kaka akakaa chini, kwenye udongo, na suruali yake ya misa. Nadhani ndipo alipojua alichompa mnunuzi yule. Ilipoisha hakuna aliyepiga makofi.

Kaka akaiendea redio, akaitoa kanda, akaipangusa kwa shati. "Hii ibaki hapa," akasema taratibu. "Ni ya nyumba. Mwenye nyumba ni mimi."

"Irudishe."

"Baba alirekodia kwenye sebule hii."

"Kaka, irudishe."

"Wewe utaipeleka kule Kahororo mtoto aitafune! Mimi ndiye mrithi."

Wanaume wa ukoo wakaanza kuguna wakimuunga mkono, na nikaona kabisa linavyokwenda. Sanduku limekufa, na kanda nayo inaingia ndani ya nyumba ambayo hata ufunguo wake sina. Sikuwa na hoja. Nilikuwa na mtoto mwenye homa na kifua kilichojaa maziwa.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya ndizi. Hakuinua macho. "Ni nani aliyegawa?" akauliza.

Wanaume wakatazamana.

"Nauliza, siku ile nani aliyesema?"

"Wewe, shangazi," kaka akajibu.

"Nilisema sanduku la nani?"

"Langu."

"Beseni?"

Kaka akaitazama kanda mkononi mwake.

"Nilisema mbele ya ukoo, na ninyi mkacheka. Sasa mnataka nigawe mara ya pili? Mpe mwenzio kitu chake. Lako umekwisha kulila."

Kaka akanipa kanda. Mnaweza kudhani nilimshukuru shangazi. Sikumshukuru. Mdomo ule ule ndio ulionitoa kwenye kibanja, na mdomo ule ule ndio umenirudishia kanda, na yeye anaona ni haki moja. Nilipanga nepi zangu nikaondoka kabla ya mvua.

Niliamini basi yameisha. Jumamosi iliyofuata kaka alibisha hodi Kahororo. Alikuwa na mkungu wa ndizi begani, kutoka kwenye kibanja kile, akautua mlangoni bila kusema umetoka wapi.

"Naomba nisikilize," akasema.

"Kanda inalika, kaka. Kila ikizunguka inapungua."

"Basi pale mwanzo tu. Linapopata moto."

Nilimtazama. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu siku ya misa, maneno mazuri, makali, na nilipofungua mdomo nikakuta sina nguvu ya hata moja. Kijana wa studio nitamrudia anitolee nakala nyingine, na safari hii nitakaa pale pale nimshike mkono asisafishe kitu. Lakini hiyo inataka siku nzima na mtu wa kuniachia mtoto, na siku hiyo sijaipata. Mpaka hapo mwenye kutaka kulisikia sanduku la baba atalisikia hapa, kwangu, nikitaka mimi.

Nikamwekea kanda, nikafungua khanga, nikamkabidhi mtoto.

"Mshike. Ukisikiliza, unabembeleza."

"Analia huyu! Sitasikia kitu."

"Sogea karibu na redio."

Nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Nikasikia swichi, halafu kaka akimwambia mtoto kwa Kihaya anyamaze kidogo, anyamaze tu kidogo, linakuja. Nililala na viatu.