Chakula cha Mgeni

Jumapili ndiyo ilikuwa ikinimaliza. Siku nyingine nilikuwa na watoto wa shule na kelele zao, mradi nasikia sauti za watu. Jumapili kijiji kizima cha Heru Juu, kule milimani Kigoma, kilikwenda kanisani, nami, binti wa Kiislamu kutoka Tanga, nikabaki kwenye nyumba ya mwalimu na ukungu na baridi ile ya kuuma masikio. Miaka ile ya sabini mwalimu alikwenda anakopelekwa. Kiha sikijui, redio sina. Nilikuwa mpweke, jamani, hadi nikaanza kuzungumza na sufuria.

Kilichoniokoa ni vitabu nilivyokuja navyo kwenye sanduku la bati. Nikifungua tu, nina watu: wanagombana, wanaoana, wananichekesha mpaka chai inapoa. Nilipovijua vyote kwa moyo, nikaanza kuandika hadithi yangu mwenyewe. Raha yake sijui niielezeje. Unaandika kwamba mlango umefunguliwa, na kweli mtu anaingia! Ilikuwa habari ya mwanamume aliyekwenda kukata mkonge, sasa yuko njiani kurudi kwa mkewe. Niliisoma kwa sauti, nikikaza sauti nzito kwa ya kiume na kubana pua kwa ya kike.

Jumapili moja nikasikia makofi mlangoni, taratibu, kama Waha wanavyosalimia.

"Mwakeye, mwalimu."

Alikuwa mama jirani yangu, mtu mzima aliyeishi peke yake. Ametoka kanisani na kikapu kichwani, ndani ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Kwao, jirani akipata mgeni, mgeni ni wa wote, humwachi apike peke yake. Naye alikuwa amesikia sauti za watu kwangu.

"Wageni wako wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwonyesha daftari. Akalitazama, akanitazama, akacheka hadi akashika mbavu. Kisha akaketi mkekani.

"Haya, wasome hao wageni. Chakula chao tutakula sisi."

Tangu hapo kila Jumapili alikuja na kikapu. "Nimesikia una wageni," anasema, hata kama nilikuwa kimya. Nikisoma, ananikatiza: huyo ana njaa, mwalimu, mpe viazi. Ikabidi nimpe viazi. Kisimani ndipo nilipoambiwa kwamba mumewe alikwenda mkonge huko huko kwetu Tanga, mama angali kijana, na hajasikika tena. Niliumia sana. Nikamwambia Jumapili ijayo nitamfikisha mtu wetu nyumbani.

"Usimfikishe bado," akasema. "Akishafika, mimi nitakuja kusikiliza nini?"

Basi nikamzungusha maskini wa Mungu kiangazi kizima. Treni ikaharibika, akashikwa na homa, akaibiwa viatu. Nami nilifurahi kuliko siku zote nilizokaa huko, kwa sababu nilikuwa na mtu wa kumwandikia.

Ndipo ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Shule ilibaki, lakini nyumba ya mama ilitakiwa kubomolewa, na yeye kupakiwa kwenye lori kupelekwa mbali, upande wa Kagerankanda. Jumapili ya mwisho alikuja na kikapu chake, akakataa kukaa.

"Leo mfikishe."

"Mama, sijaandika bado."

"Mfikishe hivyo hivyo. Kesho wanabomoa. Akija baadaye, atanikuta wapi?"

Nikafungua ukurasa mtupu, nikasoma kisichokuwepo. Nikamshusha kwenye treni Kigoma, nikampandisha milima, nikampitisha kwenye migomba ya mama mwenyewe, hadi mlangoni pake. Mama akapiga makofi taratibu, akamsalimia kwa Kiha, salamu yao ile ndefu, akinyamaza kidogo kila mahali pa kujibiwa. Kisha akapakua sahani tatu. Ya tatu hatukuigusa.

Jumapili iliyofuata nilisoma kwa sauti zote mbili, mlango wazi. Halafu nikainuka kupika, chakula cha mtu mmoja.