Marehemu Mke Wangu Alipiga Kura Nifukuzwe Nyumbani

Mke wangu Priscille tulimzika mwezi wa nane. Mwezi wa tatu uliofuata, akapiga kura nifukuzwe mu nyumba.

Rudia kusoma kama hukuelewa. Hata mimi niliuliza mara mbili.

Habari aliniletea maman Consolate, jirani wa chini, muuza sambaza, dagaa wa ziwa letu. Alinikuta kwenye ngazi nikipandisha bidon za maji, maana bomba la jengo letu ni pambo tu.

"Papa Zagabe, weka bidon chini kwanza."

"Kuna nini, maman?"

"Réunion ya wenye nyumba imeisha sasa hivi. Bamesema utoke. Imepita na mukono moja tu."

"Mukono ya nani?"

Akatazama ukuta. "Ya bibi yako."

"Bibi yangu gani?"

"Priscille. Syndic amesoma jina, akasema: Priscille, oui, amekubali. Miye nimefanya alama ya musalaba."

Nikakaa juu ya bidon. Nilioa mwanamke mbishi, hilo sikatai. Alinipinga miaka yote ya ndoa. Lakini alikuwa ananipinga usoni, tena akiwa hai.

Sasa nieleze jengo hili, usije ukasema natunga.

Liko Ibanda, hapa Bukavu, kwenye mteremko, limeinamia ziwa kama mtu anayetaka kujirusha. Zamani lilikuwa la kampuni ya majani chai. Kampuni ilipofilisika, iliwauzia wafanyakazi wake: kila mmoja appartement yake, na certificat yake, hati ya nyumba yenye jina lake.

Priscille alikuwa karani pale. Mimi ni mwashi. Shule niliiacha, au yenyewe iliniacha, sikumbuki nani alianza. Kwa hiyo certificat ina jina la Priscille. Saruji ya jikoni, milango, rangi, yote ni jasho langu. Lakini jasho halina tampon, halipigwi muhuri.

Mkubwa wa wenye nyumba, yule tunayemwita syndic, ni papa Barthélemy. Ndiye anaitisha réunion. Ndiye anakusanya mchango wa groupe électrogène, mashine ya umeme ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikinguruma. Sisi tunamsikia yeye tu.

Priscille alipougua, ugonjwa ambao hospitali walisema dawa yake "inakuja", hakuweza tena kushuka ngazi kwenda réunion. Barthélemy akapanda na karatasi ya procuration, ruhusa ya kumpigia kura.

"Maman Priscille, tia signature hapa. Miye nitakuinulia mukono."

Akatia. Dawa bado inakuja. Mke wangu akaondoka.

Na kwenye kilio, nani alikuwa président wa comité? Barthélemy! Alilia kunishinda mimi mwenye msiba. Ndiye aliamrisha tricot za kilio, fulana zenye picha ya Priscille kifuani, siku aliyozaliwa na siku aliyokufa, na chini yake: "Maman, hatutakusahau."

Kweli hakumsahau. Aliendelea kumuinulia mkono.

Kosa langu mimi lilikuwa nini? Niliuliza mbele ya watu: "Groupe iko wapi?" Basi. Wakubwa wa nchi hii ukiwauliza kitu kiko wapi, wanakuuliza wewe uko wapi. Wiki haikuisha, tangazo likabandikwa mlangoni, Kifaransa kitupu. Maana yake: yeyote anayekaa humu bila jina lake kwenye certificat, atoke mwisho wa mwezi.

Kwenye ile réunion ya kura mimi sikuitwa, na watu wa kutosha wakaunga mkono. Walijua tangazo linamlenga Zagabe peke yake.

Nilienda bureau ya hati za nyumba kubadilisha jina. Bure kabisa! Wakubwa wanabadilika, picha za ukutani zinabadilika, foleni haibadiliki. Bwana mmoja nyuma ya kioo akaniuliza:

"Papa, weye ni nani kwa hii nyumba?"

"Miye ni bwana wa mwenye nyumba."

"Mwenye aje mwenyewe."

"Amekufa."

"Basi alete attestation ya kifo."

Nikamwambia nitamwita. Hakucheka. Wale hawalipwi kucheka, na nasikia hawalipwi kabisa.

Ikabaki wiki moja nitoke. Barthélemy akaitisha réunion nyingine pale uani, na safari hii akamleta maître Hervé, avocat, mwanasheria kijana, viatu vinang'aa hata kwenye tope la Bukavu. Alitaka mambo yawe "selon la loi", kisheria, nisije nikalalamika huko mbele.

Mimi nilikuwa nashuka na mikono mitupu. Sina hoja, sina Kifaransa.

Kwenye ngazi za kati namkuta maman Lucie, mke wa Barthélemy, ameinama anadeki.

"Pole na kazi, maman Lucie."

"Asante, papa. Angalia usiteleze."

Natazama chini. Kitambaa anachodekia kinanitazama.

Ni Priscille.

Tricot ya kilio. Tope kwenye shavu, tope kwenye macho. "Maman, hatutakusahau."

Ndugu zangu, nimebeba mawe maisha yangu yote. Sijawahi kubeba kitu kizito kama tricot ile iliyolowa.

"Papa Zagabe, rudisha, sijamaliza!"

"Umeisha maliza, maman."

Nikafika uani, nikaitandaza juu ya meza, mbele ya avocat. Maji machafu yakachirizika hadi kwenye makaratasi yake.

"Hii ni uchafu gani?" Barthélemy akafoka.

"Ni mupiga kura wako," nikasema. "Umemuita, amekuya."

Watu wakasogelea meza. Maître Hervé akainama, akasoma. Akasoma tena. Akainua kichwa.

"Papa Syndic, huyu ndiye Priscille aliyesema oui?"

"Maître, procuration iko. Alitia signature mwenyewe!"

"Akiwa hai. Aliyekupa mkono wake akifa, procuration inakufa naye. Ulijua kama amekufa?"

Hapo maman Consolate akadakia kutoka nyuma: "Asijue namna gani? Njo yeye alikuwa président wa kilio! Ile tricot ni yeye alichagua rangi!"

Kicheko kikapasuka. Barthélemy akatoa leso, akajifuta paji la uso.

"Sawa! Kura yake tuiondoe! Lakini hata huyu muashi hana jina kwa certificat. Sheria ni sheria. Asiye na jina hana sauti, atoke!"

"Hapo uko sawa," akasema maître.

Moyo wangu ukashuka mpaka ziwani.

"Basi tufuate sheria vizuri," akaendelea. Masikini, yule kijana alikuwa bado anaamini alichosoma. "Kila mmoja anionyeshe certificat yenye jina lake, tujue nani ana haki ya kupiga kura. Tuanze na wewe, papa Syndic."

Barthélemy akatoa karatasi kwa majivuno. Maître akaitazama.

"Hii ni makaratasi ya kuuziana tu. Certificat ina jina la nani?"

"La Philémon, aliyeniuzia. Yeye alienda Canada."

"Mlienda bureau kubadilisha jina?"

"Maître, weye unaijua ile bureau..."

"Kwa hiyo hapa mwenye nyumba ni Philémon. Anayefuata?"

Anayefuata, nyumba ni ya jina la baba yake, marehemu. Mwingine, jina la shangazi, marehemu. Mwingine alinunua kwa mtu aliyenunua kwa marehemu. Wengi wao walikuwa wameinua mikono nifukuzwe kwa kukosa jina. Hakuna aliyewahi kuangalia la kwake.

Jengo zima lilikuwa kaburi lenye madirisha.

Akabaki maman Consolate. Kumbe zamani alikuwa mpishi wa ile kampuni. Akafungua kitenge kiunoni, akatoa certificat iliyonuka sambaza.

Maître akaisoma kwa kuziba pua. Halafu akasimama wima, kama mtu anayesalimia bendera.

"Mwenye sauti humu ni mmoja. Maman, unaamua nini?"

Watu wote wakamgeukia, hata wale waliokuwa wanamkataza kuanika samaki kwenye balcon. Ghafla akawa "maman chérie", akawa "maman wetu".

Consolate hakuharakisha.

"Hakuna mutu anatoka. Tungetoka wote, nani angebaki, panya? Barthélemy, usyndic umeisha. Ile groupe tutaongea kesho." Akanyooshea kidole meza. "Na hii tricot unafula. Weye, si maman Lucie. Na mikono yako, kwa sababu unapenda kuinua mikono. Halafu unapiga pasi, unapandisha kwa papa Zagabe."

Aliipandisha. Nilimfungulia mlango, nikapokea, nikafunga. Sikusema asante.

Jina la Priscille bado liko kwenye certificat. Mimi na watoto tumeanzisha mambo ya urithi, tunasukumwa kutoka mlango hadi mlango, na kila mlango una mtu wa kuniuliza mimi ni nani.

Wewe unayesoma, kama mwenye jina kwenye certificat bado anapumua, mshike mkono leo muende wote bureau, hata kama ni kupiga foleni mpaka mzeeke. Wakubwa wetu hawana shida na wafu. Wafu hawaulizi groupe iko wapi.

Siku hizi kwenye réunion za maman Consolate nakuja na tricot. Naitandika kwenye kiti cha pembeni, imepigwa pasi vizuri. Wakati wa kura, watu wanaitazama kwanza, ndipo wanainua mikono.

Yeye hainui. Na mimi siruhusu mtu amuinulie.