Usikate, Kunja: Miaka Yangu kwa Fundi Sadiki

Siku ya kwanza nilipoingia kazini kwa Fundi Sadiki, hapa Gisenyi, nilikuwa na kiburi cha kutosha kugawia mtaa mzima. Nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania, nilikozaliwa na kujifunza cherehani, na nilijiona fundi kamili. Nilikuwa tayari mama wa mtoto mmoja, Keza, na mume wangu alibeba mizigo bandarini Rubona. Fundi hakuniuliza nilisomea wapi. Alinipa kipande cha kaki na vipimo vya mtoto wa shule, akaniambia nishone kaptula.

Nilikata haraka, nikashona, nikampelekea huku natabasamu. Akaigeuza ndani nje, akaupima mshono kwa kidole, kisha akanitazama juu ya miwani yake.

"Mama Keza, huyu mutoto anakula ao hakule?"

"Anakula, Fundi."

"Bon. Kama anakula, atakomaa. Sasa hii kaputula itakomaa na nini?"

Nilikuwa nimeacha kitambaa chembamba upande wa ndani wa mshono, kama nilivyofundishwa. Kwake hilo halikubaliki. Kila nguo ya mtoto iliachiwa akiba, yaani kitambaa cha ziada cha upana wa vidole viwili kwenye kila mshono, na pindo la chini lilikunjwa zaidi ya kawaida. Mtoto akirefuka, mama yake anairudisha nguo, tunafumua, tunaachia, tunapiga pasi, mtoto anarudi shuleni kama kavaa mpya. Akiba hiyo Fundi aliiita "ya mwaka kesho". Aliwafikiria sana akina mama wa Bugeshi, walioteremka na viazi vyao hadi sokoni na kununua sare mara moja tu, halafu wakaomba Mungu mtoto asikue upesi. Fundi alisema mtu asiombe Mungu jambo kama hilo kwa ajili ya kaptula.

Basi kaptula yangu ilifumuliwa, nikapewa kitambaa kingine. Nilishona machozi yakinilengalenga, na yalikuwa ya hasira.

Ninyi mnaoshona leo kwa mashine za umeme, mkiweka simu pembeni mkisikiliza muziki, kazi yetu mngeiona adhabu. Cherehani zetu zilikuwa za kukanyaga kwa miguu. Pasi ilikuwa ya mkaa, na kabla hujaigusisha nguo nyeupe ulitoka nayo nje ukaipuliza majivu yote, maana cheche moja tu iliweza kukuharibia kanzu ya sikukuu ya Idi. Hakuna nguo iliyoingia kwenye mashine kabla ya kupigwa bandi, zile nyuzi kubwa za mkono za kuishikilia kwa muda mpaka mwenyewe aijaribu. Mimi nilipima wanawake na watoto. Wanaume aliwapima Fundi mwenyewe, na hakuandika kipimo mpaka akuambie uache kuvuta tumbo ndani. Na ole wako ukate karatasi kwa mkasi wa vitambaa! Siku niliyofanya hivyo aliniita mharibifu mbele ya wateja, halafu saa sita akanipa kipande kikubwa cha samaki kwenye chakula alicholetewa na mkewe.

Ndivyo alivyokuwa. Alifoka upesi na kupoa upesi. Kwake alikuwa na mkewe, Mama Idi, na watoto watatu: Idi, ambaye baadaye alikuwa dereva, na mabinti wawili, Aziza na Shamimu. Kila Alhamisi jioni, kazi ikiisha na mkaa ukiwa bado na moto, alitoa nguo za familia yake kwenye mfuko, akazipiga pasi moja moja kwa ajili ya Ijumaa. Za mkewe ndizo alizoanza nazo. Wenye maduka ya jirani walimcheka, wakamuuliza ni mwanaume gani huyo.

"Napiga pasi nguo ya batu yote ya Gisenyi," aliwajibu. "Juu ya nini nikatae ya bibi yangu?"

Mimi nikirudi nyumbani nilimsimulia mume wangu habari hiyo kwa sauti kubwa. Hakuwahi kuisikia vizuri.

Tulifanya kazi kwenye baraza nyuma ya soko kwa miaka mingi, kisha mambo yakageuka. Nguo za caguwa, zile za mtumba, zilijaa kila mahali. Halafu mwalimu mkuu wa shule moja, mama mmoja aliyekuwa mteja wetu mkubwa kuliko wote, alikuja akatwambia sare zetu ni nzito, zimejaa vitambaa ndani, na amepata za kiwandani zinazolala vizuri mwilini.

"Madamu, inalala muzuri leo," Fundi alimwambia kwa heshima zote. "Mwaka kesho je?"

Alicheka, akaaga, na oda yake ikaenda naye. Nilimsihi Fundi tupunguze ile akiba. Kitambaa kile kile kingetoa nguo nyingi zaidi, na bei ingeshuka.

"Donc unataka tushonee batoto benye hawakomae?" aliniuliza. "Bale biko wapi, nibapime?"

Ungebishana naye vipi? Tuliiacha baraza, tukahamishia cherehani kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Nilikasirika, kwa kweli. Nilimwona mkaidi anayetutia njaa kwa sababu ya vidole viwili vya kitambaa. Lakini akina mama wa Bugeshi na Rugerero hawakutupotea. Walitufuata mpaka mlangoni kwake, na kwa hao tuliishi.

Ugonjwa ulimwanzia tumboni. Alikwenda hospitali, akarudi, akaenda tena, na kila aliporudi mwili ulikuwa umepungua. Wakati huo huo Aziza alikuwa ameposwa na kijana wa Goma, na siku ya ndoa ilikwisha kupangwa. Fundi alitaka kitu kimoja tu duniani: awe walii wa binti yake yeye mwenyewe, amwozeshe kwa mkono wake, akiwa amevaa koti lake la kijivu. Koti hilo alilishona kwa ajili ya harusi ya Idi, zamani alipokuwa na kifua cha kulijaza. Sisi tulihesabu pumzi zake, tukiogopa kwamba siku hiyo hataifikia.

Aliponiita nimpime, Mama Idi alikaa nasi pale chumbani. Sikuwahi kumpima mwanaume kwa Fundi, na sasa wa kwanza alikuwa yeye. Alisimama ameshika ukingo wa cherehani. Koti lilimning'inia, na tepu ilipomzunguka kifuani nilitazama ukutani ili asinione uso. Nikachora chaki, nikachukua mkasi nikate kilichozidi ubavuni.

"Usikate. Kunja."

"Fundi, kitambaa ni kingi. Kitavimba kwa ndani, koti halitakaa sawa."

"Iko sawa. We kunja, piga bandi, basi."

Nilidhani nimemwelewa. Nilidhani anajiwekea nafasi ya kurudi kwenye mwili wake.

"Ni kweli, Fundi," nikamwambia. "Utanenepa tena, tutaliachia."

Alitabasamu. Mama Idi aliinuka akaenda jikoni.

Siku ya ndoa alifika. Tuliokuwa chumba cha wanawake hatukumwona, lakini tulimsikia akitamka maneno ya kumwozesha Aziza, polepole, bila kukatika hata neno moja. Aziza alinishika mkono mpaka vidole vikaniuma. Nililia, na safari hii haikuwa hasira. Hakuimaliza masika ile. Walimzika kwenye sanda, ambayo haina mshono wala pindo, nami nilikaa na Mama Idi kwenye mkeka.

Niliendelea na kazi katika chumba kile kile miaka iliyofuata, mpaka magoti na macho yakaniambia basi. Mwaka huu nilikuwa nimeshafunika cherehani, nimewaaga wateja, Idi alipoingia na koti la kijivu mkononi. Amekuwa jitu la mtu, baba wa mtoto wa kiume, mabega yanapita mlangoni kwa shida.

"Mama Keza, Shamimu anaolewa," alisema. "Walii ni mimi sasa. Papa alisemaka, siku ya Shamimu nikuletee hii koti. Alisema wewe unajua ya kufanya."

Nililipokea nikakaa nalo. Nililigeuza ndani nje, na bandi zangu zilikuwa pale pale, mbaya mbaya. Siku ile mimi nilimwambia atanenepa. Yeye alikuwa akimpima Idi.

Nilifumua bandi, kisha nikafumua na mshono wenyewe, maana Fundi alijiachia na yeye vidole viwili kama alivyowaachia watoto wa watu. Nikaachia ubavuni, mgongoni na kwenye mikono. Kitambaa kilichofichwa hakikuwa kimepauka, kwa hiyo kila upande ulibaki na mstari uliokolea rangi kuliko koti lote. Idi aliuona kwenye kioo, akaupitisha kidole.

"Itaonekana," alisema.

"Wacha ionekane."

Lilimkaa. Alisimama kama baba yake alivyosimama kwenye harusi ya huyo huyo Idi, na ikabidi nijifanye natafuta pini chini ya meza. Mpaka hapo kilikuwa kimesalia kitambaa kidogo tu kwenye pindo la chini. Idi alikipapasa, akanionyesha mkasi.

"Na hii yenye imebakia, ukate tu, Mama. Haina kazi tena."

Nikamuuliza kama mtoto wake anakula.